Mteja yuko ng'ambo, pesa hazijaja: ushtaki wapi?

Fundi wa tovuti aliye Mombasa amemtengenezea mfanyabiashara wa Manchester duka la mtandaoni. Walipatana pauni 2,400, nusu mwanzo na nusu kazi ikikamilika. Kazi imekamilika, duka linauza, pauni 1,200 zilizobaki hazijaonekana, na mteja kanyamaza kimya. Fundi ana mkataba, ana risiti, ana mazungumzo yote ya WhatsApp. Anachotaka kujua ni mlango upi aubishe.

Milango iko minne: mahakama ya kwao, mahakama ya mdaiwa, usuluhishi wa msuluhishi waliyemkubali wenyewe, na utaratibu wa malalamiko wa jukwaa au benki iliyopitisha malipo. Nazilinganisha hapa kwa ajili ya mfanyabiashara mdogo wa Afrika Mashariki anayeuza au kununua nje ya mpaka. Mabenki na makampuni ya simu yana mawakili wao wa kuwafikiria hayo.

Karibu kila anayeuliza huanza na swali la sheria ya nchi gani inamlinda zaidi. Mimi ningeanza na jingine: mali ya unayemdai iko wapi? Ukishinda Mombasa dhidi ya mtu ambaye akaunti yake, gari lake na stoo yake vyote viko Manchester, dalali wa mahakama wa Mombasa hana cha kukamata. Kila ninalosema hapa chini nimelipima kwa swali hilo.

Mahakama ya kwenu

Mvuto wake unaeleweka. Uko nyumbani, lugha unaijua, ada ni ndogo. Kenya ina Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016 na kufunguliwa kwanza Milimani, Nairobi, mwaka 2021. Inasikiliza madai ya fedha, bidhaa na huduma yasiyozidi shilingi milioni 1, sheria inaitaka itoe hukumu ndani ya siku 60 tangu dai lifunguliwe, na unaweza kujisimamia bila wakili. Tanzania, deni la kimkataba lisilozidi shilingi milioni 30 linapokewa na Mahakama ya Mwanzo, kwa Kiswahili.

Je, mahakama hiyo ina mamlaka juu ya mtu aliye mbali? Sheria za mwenendo wa madai za nchi zote mbili zinafanana hapa: unaweza kufungua shauri pale mdaiwa anapoishi au kufanya biashara, au pale chanzo cha madai kilipotokea, chote au sehemu yake. Kazi iliyofanyika Mombasa, kwa malipo yaliyotakiwa kuingia benki ya Mombasa, inatoa hoja nzuri ya kusema chanzo cha madai kiko Mombasa. Tovuti ya mtu kuonekana kwenye simu yako Mombasa si hoja nzuri hata kidogo, na wengi hujikwaa hapo.

Kama nyote wawili mko nchi moja, usipoteze muda na milango mingine. Umenunua simu kwa muuzaji wa Instagram aliye Nairobi, wewe uko Kisumu, kakuletea mbovu na hataki kurudisha pesa: Madai Madogo panatosha. Tangu 2020 kanuni za Kenya zinaruhusu hata hati za mahakama kupelekwa kwa barua pepe au kwa ujumbe wa simu, WhatsApp ikiwemo, kwa hiyo muuzaji anayejificha nyuma ya namba ya simu anafikika, mradi jina lake unalijua.

Mdaiwa akiwa nje, mambo yanabadilika. Kwanza unahitaji ruhusa ya mahakama kumpelekea hati nje ya nchi. Kisha kuna utekelezaji, na hapa ndipo fundi wetu wa Mombasa angeumia. Uingereza ina sheria ya mwaka 1920 inayoruhusu hukumu za nchi kadhaa, Kenya, Tanzania na Uganda zikiwemo, kusajiliwa kule na kutekelezwa kama za kwao. Lakini inakubali hukumu za mahakama za juu tu. Hukumu ya Madai Madogo, iliyopatikana upesi na kwa gharama ndogo, haisajiliki kwa njia hiyo, na Mahakama Kuu si mahali pa kupeleka dai la pauni 1,200. Angebaki na njia ya kufungua shauri jipya Uingereza akitumia hukumu ile kama deni. Basi angekuwa amefika Uingereza vilevile, ila kwa kuzunguka.

Sheria hiyo ya 1920 ina masharti mengine mawili ambayo ningependa kila anayeandika mkataba na Mwingereza ayajue. Usajili uombwe ndani ya miezi 12 tangu hukumu. Na kama mdaiwa hakuwahi kuishi wala kufanya biashara Kenya, wala hakujitokeza mahakamani kwa hiari, hukumu inakataliwa, isipokuwa kama alikuwa amekubali kuwa chini ya mamlaka ya mahakama hiyo. Mstari mmoja wa mkataba wenye saini yake ndio unaobeba makubaliano hayo. Kwa deni kubwa la kwenda Mahakama Kuu, mstari huo una thamani kuliko kurasa kumi za maelezo ya kazi.

Ndani ya ukanda wetu hali ni nyepesi kidogo. Sheria ya Kenya ya kutambua hukumu za kigeni inazitaja Tanzania, Uganda na Rwanda, pamoja na Uingereza, Malawi, Zambia, Ushelisheli na Australia. Marekani, Uchina na Falme za Kiarabu hazimo, na huko ndiko bidhaa na programu zetu nyingi zinakotoka.

Mahakama ya kwao

Watu hulikataa wazo hili kabla ya kulipima. Yaani nimfuate kwao, kwa mahakimu wake? Kwa kweli, kwa madai madogo dhidi ya mtu aliye Uingereza, mara nyingi ndio mlango ulio karibu zaidi.

Tufanye hesabu ya fundi. Uingereza na Wales, dai la fedha lisilozidi pauni 10,000 kwa kawaida huenda kwenye ngazi ya madai madogo. Ada ya kufungua dai la kati ya pauni 1,000 na 1,500 ni pauni 80. Ngazi hiyo imetengenezwa kwa watu wasio na mawakili, na kwa kawaida anayeshindwa halipi gharama za wakili wa mwenzake, kwa hiyo hata ukishindwa hujafilisika. Utahitaji anwani ndani ya Uingereza ya kupokelea hati. Shangazi au rafiki aliye Leicester anaweza kuwa msaada mkubwa hapo. Ukishinda, hukumu inatoka palepale ilipo akaunti ya mdaiwa. Na mfanyabiashara wa Manchester anajua kwamba hukumu isiyolipwa ndani ya mwezi hubaki kwenye daftari ambalo wakopeshaji hulitazama. Wengi hulipa wakiipata tu barua ya mahakama.

Sasa hamia California, sura nyingine kabisa. Vigezo na masharti ya Google vinapeleka migogoro kwenye mahakama za kaunti ya Santa Clara, isipokuwa pale sheria ya nchi yako inapokataza. Masharti ya Meta, kampuni yenye Facebook na Instagram, yanatofautisha: mtumiaji wa kawaida anaweza kudai nyumbani kwake, lakini anayetumia kwa biashara anapelekwa California. Mama anayeuza madera kwa matangazo ya kulipia, akaunti ikafungwa na salio la matangazo likiwa ndani, yuko upande wa biashara. Kwa shilingi elfu themanini hakuna wakili wa California atakayenyanyua simu. Mlango upo, ila kwake ni kama haupo.

Je, masharti ya namna hiyo hayavunjiki? Huvunjika, ila usijenge biashara yako juu ya tumaini hilo. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Kanada, katika shauri la Douez dhidi ya Facebook, ilikataa kumpeleka mlalamikaji California, ikitazama tofauti ya nguvu kati ya mtu mmoja na kampuni kubwa na uzito wa haki ya faragha. Kenya, wasimamizi wa maudhui waliofanya kazi Nairobi walipomshtaki Meta, kampuni ilidai haiishi wala haifanyi biashara Kenya. Mahakama ya Ajira ikasema Februari 2023 kwamba inaweza kushtakiwa hapo, na Mahakama ya Rufaa ikaliunga mkono hilo Septemba 2024. Nilifurahi kuona uamuzi huo. Lakini tazama tarehe: shauri la kwanza lilifunguliwa Mei 2022. Zaidi ya miaka miwili ilipita kwenye swali la mahakama ipi, kabla ya haki yenyewe kuguswa, na hao walikuwa na mashirika ya kutetea haki nyuma yao.

Baina ya wafanyabiashara wawili, mahakama zetu hukushikilia neno lako. Mahakama ya Rufaa ya Kenya mwaka 2005, shauri la Raytheon dhidi ya Air Al-Faraj, ilisema waliokubaliana mahakama za Kansas, Marekani, waende Kansas. Tanzania, Sunshine Furniture ilipoidai Maersk, Mahakama ya Rufani ilishikilia kifungu kilichoelekeza London. Kwa hiyo usibofye «nakubali» kwa matumaini kwamba jaji atakuonea huruma baadaye.

Muuzaji naye ajue kwamba mambo hugeuka. Wewe uko Arusha, unauza kahawa mtandaoni, na umeandika chini ya ukurasa kwamba migogoro yote itaamuliwa Arusha pekee. Mnunuzi wa Hamburg anayenunua kwa matumizi ya nyumbani analindwa na Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1215 ya 2012: anaweza kukushtaki kwao ikiwa biashara yako umeielekeza nchini kwake. Kuonekana tu mtandaoni hakutoshi. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilizitaja dalili mwaka 2010 katika mashauri ya Pammer na Hotel Alpenhof: umetumia lugha au sarafu isiyo ya kwenu, umeweka namba ya simu yenye msimbo wa kimataifa, umelipia injini ya utafutaji ikutangaze kwa watu wa nchi hiyo. Ukiandika bei kwa yuro, ukaahidi kupeleka Ujerumani na ukalipia tangazo la Kijerumani, kile kifungu chako cha Arusha hakitakukinga mbele ya hakimu wa Hamburg. Lipime hilo kabla ya kulipia tangazo.

Usuluhishi

Hapa ndipo penye nguvu kubwa na gharama kubwa. Mnakubaliana kwenye mkataba kwamba mgogoro utaamuliwa na msuluhishi, si mahakama, na uamuzi wake, unaoitwa tuzo, unafunga pande zote. Nguvu yake inatoka kwenye Mkataba wa New York wa 1958, ambao nchi zaidi ya 170 zimo. Tanzania iliingia 1964, Uchina 1987, Kenya 1989, Uganda 1992, Falme za Kiarabu 2006. Tuzo iliyotolewa Nairobi inaweza kupelekwa kwenye mahakama ya Guangzhou ikatekelezwe, na sababu za kuikataa ni chache na zimeandikwa.

Kwa anayeagiza mzigo Uchina, sioni mpinzani. Hukumu ya mahakama yako ya Dar es Salaam au Nairobi, kule itagota kwenye swali la kama kuna mkataba au desturi ya kutambuliana hukumu. Tuzo ina barabara yake tayari. Mshitiri wa Kariakoo anayelipia kontena la vigae kwa dola 40,000 baada ya kuzungumza na muuzaji kwenye simu tu, bila kifungu cha usuluhishi kwenye oda, anajiweka mahali pabaya kuliko anavyodhani.

Gharama sasa. Ada ya kufungulia tu kwenye Chama cha Biashara cha Kimataifa cha Paris, ICC, ni dola 5,000, na hairudi. Dereva mmoja wa Uber huko Kanada aliambiwa mgogoro wake na kampuni ukasuluhishwe Uholanzi chini ya kanuni za ICC, kwa ada ya karibu dola 14,500 za Marekani, kabla hata ya wakili na safari. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya Kanada, shauri la Uber dhidi ya Heller, ilikifuta kifungu hicho kwa kuwa kilikuwa cha kinyonyaji. Hicho ndicho kipimo cha kifungu kibaya: kinamwachia mnyonge haki ambayo hawezi kuilipia.

Karibu nasi kuna Kituo cha Kimataifa cha Usuluhishi cha Nairobi, kuna kile cha Kigali, na Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki iliyo Arusha inaweza kusuluhisha mgogoro wa mkataba wa kibiashara ikiwa pande zote zimeiteua, kwa ibara ya 32 ya Mkataba wa Jumuiya. Ni watu wachache mno wanaolijua hilo la Arusha, na ni hasara yetu. Kwa maoni yangu, chini ya dola 20,000 usuluhishi wa taasisi haulipi, isipokuwa kifungu kiseme msuluhishi ni mmoja na ataamua kwa nyaraka bila kikao. Pauni 1,200 za fundi wetu zingemezwa siku ya kwanza.

Jukwaa na benki

Mlango huu hauna jaji, na mawakili wengi huudharau. Mimi naupa nafasi kubwa, kwa sababu ni huu peke yake ambao fedha zinaweza kuwa zimeshikiliwa kabla ya ugomvi kuanza. Majukwaa ya kazi za mtandaoni hupokea malipo ya mteja na kuyashikilia hadi kazi ikubaliwe. Ukinunua kwa PayPal, una siku 180 za kufungua lalamiko. Ukilipa kwa kadi ya Visa na mzigo usifike, benki yako inaweza kudai fedha zirudishwe, kwa kawaida ndani ya siku 120. Huvuki mpaka, hulipi wakili, na jibu linakuja kwa wiki.

Ubaya wake ni kwamba kanuni ni za jukwaa, na jukwaa linaweza kuzibadilisha. Muuzaji anaumia zaidi: umetuma mzigo, mnunuzi anamwambia benki haukufika, fedha zinachomolewa kwenye akaunti yako, na mzigo uko kwake. Risiti ya usafirishaji yenye saini ya mpokeaji ndiyo silaha yako. Na mteja akikuambia «tutoke nje ya jukwaa, tukwepe makato», hesabu vizuri kabla ya kukubali. Kwa pauni mia mbili unazookoa umeuacha ulinzi wote, na hivyo ndivyo watu wanavyojikuta wanauliza mahakama ya Manchester iko wapi.

Kuna madai mawili yenye milango yao maalumu. Aliyekuibia jina la biashara na kulisajili kama jina la kikoa la .com anafikika kwa utaratibu wa mwaka 1999 wa ICANN, shirika linalosimamia majina ya mtandaoni, popote alipo duniani; kupitia Shirika la Miliki Ubunifu Duniani, WIPO, ada ni dola 1,500 kwa jina moja hadi matano na mwamuzi mmoja. Utapata jina lihamishiwe kwako au lifutwe, fidia hupati. Na kama kinachouma ni taarifa zako binafsi, mfano programu ya mikopo imewatumia ujumbe watu wote walio kwenye simu yako, sheria ya Kenya ya 2019 inamgusa hata mchakataji asiye na ofisi nchini ilimradi taarifa ni za watu walio Kenya, na Kamishna wa Ulinzi wa Data anatakiwa kumaliza lalamiko ndani ya siku 90. Tanzania kuna Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kwa sheria ya 2022.

Uchague upi

Kwa mauzo madogo ya mara moja kwa mtu usiyemjua, lipia na ulipwe ndani ya jukwaa. Kwa mteja wa Uingereza unayemfanyia kazi za mamia au maelfu machache ya pauni, kubali mahakama za Uingereza kwenye mkataba bila kinyongo, maana ndiko fedha zake ziliko. Kwa muuzaji wa Uchina au Dubai na mzigo wa makumi ya maelfu ya dola, usuluhishi, makao yake Nairobi au Kigali. Kwa mshirika wa Kampala au Kigali mwenye mkataba mkubwa, mahakama za upande wowote zinafaa. Kwa kampuni ya Marekani yenye masharti ya kubofya, hakuna cha kuchagua. Punguza tu kiasi unachoacha mikononi mwao kwa wakati mmoja.

Kifungu chenyewe si kirefu. Kwa fundi wa Mombasa ningeandika hivi: «Mkataba huu unafuata sheria za Kenya. Mgogoro wowote utaamuliwa na mahakama za Uingereza na Wales au mahakama za Kenya, kwa chaguo la mtoa huduma, na mteja anakubali mamlaka ya mahakama zote hizo.» Angalia kwamba sheria na mahakama vimetajwa mbalimbali, kwa sababu ni mambo mawili; jaji wa Uingereza anaweza kuamua kwa sheria za Kenya akithibitishiwa. Angalia pia kwamba neno «pekee» halimo. Likiwemo, umejifungia mlango mmoja, na mali ya mdaiwa ikihama huna pa kumfuata. Mteja mwenye nguvu atagoma kumpa mwenzake chaguo peke yake. Mpe na yeye, hupotezi kitu.

Kwa usuluhishi, taja mambo manne bila kukosa: makao ya usuluhishi, kanuni zitakazotumika, idadi ya wasuluhishi, na lugha. Kifungu kinachosema tu «tutasuluhisha kwa amani» kitawapeleka mahakamani kubishana kilimaanisha nini.

Na juu ya mkataba wowote, kabla ya kugusa kazi, andika jina kamili la mteja kama lilivyosajiliwa, namba ya usajili na anwani. Kampuni za Uingereza unaweza kuzitafuta bure kwenye daftari la Companies House. Kenya hutafutwa kwenye mfumo wa eCitizen kwa ada ndogo, na Tanzania kupitia BRELA. Jina la ukurasa wa Instagram na picha ya nembo havijazi fomu ya madai katika mahakama yoyote kati ya nilizozitaja.